Amesahau Sufuria, Hakukusahau Wewe



Mzee mmoja wa upande wa Molo alinisubiri nje ya sakristia, kofia mkononi, mpaka waumini wote walipokwisha kuondoka. Nilidhani ana habari ya zaka, au labda anataka kuandikisha nia ya Misa. Kumbe alikuwa na swali ambalo sikuwa nimeulizwa bado katika miaka yangu yote ya upadri. "Padri," alisema, "mke wangu amepona saratani, tunamshukuru Mungu. Lakini aliyerudi nyumbani si yule niliyemuoa. Je, Kanisa linasemaje juu ya mtu aliyebaki na mgeni ndani ya nyumba yake?"

Yeye na mkewe wameniruhusu niwasimulieni habari yao, mradi nisitaje majina wala kigango. Nawasimulia kwa sababu naamini wako wengi katika bonde letu hili, tangu Naivasha hadi Kuresoi, wanaoishi na jambo hilihili ndani ya nyumba zao na hawajui hata walitajeje.

Mzee ana miaka 71, mkewe 66. Walifunga ndoa kanisani mwaka 1984. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na kwa muda mrefu amekuwa mtunza hazina wa chama cha wanawake pale kigangoni. Kisha akaona uvimbe katika titi. Akapasuliwa, halafu akapewa zile dawa za saratani za kutiwa mshipani ambazo watu wote siku hizi huziita kemo. Mara sita waliteremka Nakuru kwa matatu ya alfajiri, mzee amebeba chupa ya uji na blanketi, na mara sita walirudi jioni, mama ameegemea bega la mumewe. Kijiji kizima kilimsifu. Wake za watu waliwaambia waume zao, "Mmeona mume?"

Basi nawaambieni jambo ambalo huenda halitawapendeza. Kumpenda mtu aliyelala kitandani si kazi ngumu sana kama tunavyofikiri. Ugonjwa unaonekana, majirani wanaleta maziwa, jumuiya inakuja kusali. Mtihani wa mzee huyu ulianza mama alipoinuka, nywele zilipoota tena, watu walipoacha kuja, na kila mtu aliposema, "Sasa umepona kabisa!"

Sufuria ya maharagwe iliungua mara mbili katika wiki moja. Mama aliuliza mara tatu asubuhi moja kama maziwa yamepelekwa kwa gari la ushirika. Alisahau namba ya siri ya M-Pesa, akakosea mara kadhaa, laini ikafungwa. Halafu pesa za chama, Sh4,200, hazikuonekana. Mzee alimwuliza, mama akasema hajui. Mzee akapandisha sauti mbele ya mkaza mwana wao, akatamka neno baya. "Siku hizi umekuwa kichaa?" Baada ya siku mbili pesa zilipatikana ndani ya debe la unga, zimefungwa katika kitambaa, kama mama alivyozoea kuziweka tangu zamani. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Mama aliacha kwenda jumuiya. Mzee naye alihamishia blanketi zake katika chumba cha mtoto aliyeko Nairobi, akisema usiku mkewe anageuka sana na kumnyima usingizi.

Nilikwenda kuwatembelea. Mama alitupikia chai, akatia majani, na baada ya kitambo akatia majani tena. Mzee akafanya mlio ule wa ulimi tunaoujua sote. Mama alisikia. Mzee alipotoka kwenda kuwaangalia ng'ombe, yule mama aliniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Padri, mimi najua ninasahau. Yeye anafikiri sijui. Nikisoma Injili, nikifika mwisho wa mstari, mwanzo umekwisha kupotea. Nasimama mbele ya rafu, najua nimefuata kitu, sijui ni kitu gani. Daktari naogopa kumwambia, wasije wakanikatia dawa. Na mzee naogopa kumwambia, kwa maana siku hizi ananiangalia kama ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa." Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama Mungu amemponya mwili ili amwadhibu akili.

La hasha, mama yangu. La hasha. Na kwa kuwa mimi si daktari, nilikwenda kuwauliza wanaojua, nikasoma pia, na niliyoyapata nawapeni hapa kwa lugha yetu.

Jambo hili la kusahau baada ya matibabu ya saratani linajulikana kwa madaktari, na ni la kweli. Halikutungwa na wagonjwa, wala si uvivu, wala si kurogwa. Mgonjwa huona kichwa kimekuwa kizito kama asubuhi ya ukungu kule Mau Summit. Maneno yanachelewa kuja mdomoni, kazi mbili haziendi pamoja, jambo la jana linateleza. Angalia vizuri, aghalabu kinachopungua si mambo ya zamani. Muulize mama yule habari za darasa lake la 1990, atakutajia watoto kwa majina na kwa madawati yao. Akili yake ni kama ghala la mahindi ambalo magunia yake yote yamo ndani, hayajaibwa, ila mlango umekuwa mwembamba. Kuingiza gunia jipya ni shida, na kulitoa la zamani kunataka muda. Ukimpigia mtu kelele mlangoni, hataharakisha, atadondosha gunia.

Sababu ni nyingi, na mara nyingi huja kwa pamoja. Zimo dawa zenyewe za kemo. Zimo dawa wanazopewa ili wasitapike na mwili usikatae dawa, ambazo nyingine hufukuza usingizi usiku kucha. Upo upungufu wa damu, na uchovu ule ambao haumaliziki kwa kulala. Vipo vidonge vya homoni ambavyo wanawake wengi waliougua saratani ya matiti humeza kwa miaka mitano au zaidi. Ipo mionzi, hasa ikiwa imeelekezwa kichwani. Ipo pia hofu na huzuni, ambazo peke yake zinatosha kumsahaulisha mtu jina lake. Wengine huanza kusahau hata kabla ya dawa ya kwanza kuingia mshipani. Ukiongeza juu ya hayo umri, presha, kisukari, masikio yasiyosikia vizuri na macho yenye mtoto wa jicho, utaona kwa nini mzee wa miaka 66 huumia kuliko kijana wa 30.

Lakini sikieni habari njema pia. Kwa wengi hali hii hupungua miezi inavyopita baada ya matibabu kwisha, ingawa kwa wengine huchukua mwaka au zaidi, na wapo wachache wanaobaki nayo. Mwaka 2018 huko Marekani, watafiti walioongozwa na Jeanne Mandelblatt wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake wenye miaka 60 na zaidi waliotibiwa saratani ya matiti, wakiwalinganisha na wanawake wa rika lao wasio na saratani. Wengi wa waliotibiwa waliendelea vizuri. Walioshuka ni sehemu tu, hasa wale waliopewa kemo na ambao pia walizaliwa na urithi fulani wa mwili unaojulikana kuhusiana na ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni. Yaani, kusahau baada ya kemo si lazima kuwe mwanzo wa kupotewa na akili kabisa. Usimzike mkeo kabla ya wakati.

Mnakumbuka mwezi wa Julai 2019. Katika mwezi huo mmoja Kenya ilimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, Mbunge Ken Okoth wa Kibra, na jirani yetu Gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote kwa saratani. Tangu hapo watu walianza kulitaja jina la ugonjwa huu bila kunong'ona. Zamani mgonjwa wa mionzi kutoka Nakuru hakuwa na budi kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, na kungoja foleni ya miezi. Siku hizi mashine ya mionzi iko papa hapa Nakuru, katika hospitali ambayo sisi wazee bado tunaiita PGH. Kwa hiyo wanaopona wanaongezeka, na wanarudi nyumbani. Ila bado hatujajifunza kuishi na aliyerudi.

Sasa turudi kwa mzee wangu wa Molo. Nilipokaa naye peke yake sikumsomea kifungu chochote cha sheria ya Kanisa. Nilimwuliza habari za mwaka 1992, wakati wa mapigano. Wenyeji wa Molo wa umri wao hawahitaji kuelezwa. Alinyamaza, kisha akasimulia. Walitoka nyumbani usiku wakakimbilia uwanja wa parokia, watoto wanne, mmoja mgongoni. Yeye mwenyewe alichanganyikiwa hata akabeba redio iliyokuwa haina betri. Aliyekumbuka kuchukua hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa ni mkewe, na alivifunga kiunoni ndani ya kitambaa. Bila kitambaa kile, mzee alisema, leo wasingekuwa na shamba.

"Kitambaa kama kile cha pesa za chama?" nilimwuliza.

Hakunijibu. Alitazama chini kwa muda mrefu.

Ndugu zangu, kwa miaka 40 mama huyu alikuwa kumbukumbu ya nyumba nzima. Alijua siku ya kulipa karo, siku ya ng'ombe kuchanjwa, siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu, na mahali soksi za mzee zilipo. Wanaume wengi tunajisifu kuwa na akili timamu, kumbe tumeazima ya wake zetu na hatujawahi kuirudisha. Siku walipoapa mbele ya altare kwamba watakaa pamoja katika afya na katika ugonjwa, hawakuambiwa ugonjwa huo utashika kiungo gani. Ukiweza kumsaidia mkeo aliyevunjika mguu, kwa nini umtukane aliyeumizwa na dawa kichwani? Mguu u katika mwili, na kichwa ki katika mwili huohuo mliofanywa kuwa mmoja.

Chukueni Biblia zenu, fungueni kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya tatu, mstari wa 12 na wa 13. Humo mwana anaagizwa kumsaidia baba yake katika uzee, na kumvumilia hata kama akili yake itapungua, wala asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu zake. Maneno hayo yaliandikwa karibu miaka 200 kabla ya Kristo. Basi, kama mwana anaagizwa hivyo kwa baba, itakuwaje kwa mume na mke, ambao ni karibu kuliko mwana na baba? Kisha someni Tobiti sura ya nane, sala ya Tobia na Sara usiku wa arusi yao. Vijana hawa, wakiwa bado na mashada ya arusi, walimwomba Mungu wazeeke pamoja. Nimefungisha ndoa nyingi, na nakiri kwamba ni mara chache nimesikia arusi zetu zikiomba jambo hilo. Tunaomba watoto, gari, na nyumba ya mawe.

Na tutazame Misa yenyewe. Bwana wetu usiku ule wa Alhamisi Kuu aliwaagiza mitume wafanye lile fumbo kwa kumkumbuka yeye. Hakumwagiza Petro peke yake. Aliwakabidhi wote. Ndiyo maana Jumapili, mzee akipotelewa na maneno katikati ya Nasadiki, hasimami peke yake; sauti za wenzake humbeba mpaka atakapolipata neno linalofuata, kisha anaendelea nao. Hakuna anayegeuka kumcheka. Fanyeni hivyohivyo nyumbani. Mmoja akipoteza mstari, mwingine aendelee kwa sauti ya kawaida mpaka mwenzake aupate.

Lakini hapa pana mtego, na nataka niuseme wazi. Kukumbuka kwa niaba ya mwenzako si kumtawala. Nimeona mume aliyechukua simu ya mkewe "kumsaidia", na tangu siku hiyo mke haoni hata shilingi ya pensheni yake. Nimesikia watoto waliomletea mama karatasi za shamba azitie sahihi katika wiki zilezile za dawa, wakati hajui Jumatatu ni ipi. Hiyo ni dhambi, tena ya wizi, hata ikifanywa na mwana wa tumboni. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataka ridhaa ya wote wawili kabla nyumba ya ndoa haijauzwa au kuwekwa rehani, na sahihi ya mtu aliyechanganyikiwa si ridhaa mbele ya Mungu. Mambo makubwa ya ardhi na urithi yangojee. Na yasipoweza kungoja, yafanyike asubuhi mgonjwa akiwa na nafuu, mbele ya mtu mwaminifu asiye na fungu katika mali ile.

Katika mambo madogo, mwacheni mgonjwa afanye anachoweza. Mzee wangu alidhani jibu ni kumkataza mama jiko. Nilimwambia hapana. Mnunulie saa ya jikoni inayolia, au tegesha simu ilie, halafu mwache apike. Ukimwondoa jikoni, na chamani, na jumuiyani, utakuwa umemwambia kwamba kazi yake duniani imekwisha, na akili isiyofanya kazi huzidi kulala.

Walipokwenda kliniki safari iliyofuata, mzee aliingia naye ndani kwa daktari. Hili nalitaka kwenu nyote. Msibaki nje kwenye benchi. Mwenye kusahau atasahau pia kumwambia daktari kwamba anasahau, au ataona aibu. Mama alisema yote, na hakuna aliyemkatia dawa. Walimpima damu, ikaonekana imepungua. Wakamwuliza anameza nini kingine. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba kila usiku alikuwa akimeza Piriton alizonunua duka la dawa, kwa sababu ya kuwashwa na ili apate usingizi. Dawa hiyo ndogo, ambayo sote tunaiona kama peremende, huwachanganya wazee akili na kuwalevya hadi kesho yake. Waambieni madaktari kila kitu mnachomeza, pamoja na mitishamba ya kwenye chupa inayouzwa stendi. Waombeni pia waangalie tezi ya shingo, sukari, na usingizi, na kama kuna huzuni kubwa waseme, kwa maana nayo ina tiba. Na mtu asiache kidonge chake cha saratani kwa uamuzi wake mwenyewe eti kinamsahaulisha. Mwambie daktari kwanza. Mara nyingine kuna kingine cha kubadilisha.

Wakampa pia mashauri ambayo hayana gharama. Kazi inayotaka akili, kama hesabu za chama, ifanywe asubuhi, moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Funguo, miwani na simu ziwe na mahali pamoja, na mume asivihamishe. Kutembea kila siku, hata ni mpaka kwenye lami na kurudi, kunasaidia kichwa na kunapunguza ule uchovu. Na daftari. Daftari dogo la shule, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, ambamo yanaandikwa yote: dawa, kliniki, pesa zilizoingia na zilizotoka. Mama alicheka kidogo aliposikia hivyo. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watoto wa darasani kwamba wino haufi.

Kabla sijasahau na mimi: wake, msifikiri hotuba hii ni ya waume tu. Wazee wengi wenye saratani ya tezi dume hutibiwa kwa sindano zinazozima homoni za kiume. Mwili huwaka moto ghafla, misuli hulegea, tamaa ya ndoa hupotea, hasira au machozi huja bila kuitwa, na wengine kichwa nacho huwa kizito. Mwanamume hatasema. Atakaa kimya chini ya mti, na ukimtuma sukari atarudi na chumvi. Nimewasikia akina mama kisimani wakimfanyia mzee kama huyo mzaha, kwamba amekuwa mtoto wao wa mwisho. Mzaha huo humfikia, na humwua kabla ya saratani. Akirudi na chumvi, mama, ipokee. Nyumba haikosi matumizi ya chumvi.

Na juu ya kitanda, nitasema kwa ufupi kwa kuwa watoto nao husoma gazeti hili. Rudini mlale pamoja, hata kama kwa sasa ni kulala tu. Mtu aliyeamka usiku wa manane asijue yuko wapi, akigusa mkono anaoufahamu miaka 40, anajua yuko kwake.

Kuna jambo moja ambalo halingoji uvumilivu wala kliniki ya mwezi ujao. Kusahau ninakokueleza huja polepole. Lakini ikiwa mgonjwa amebadilika kwa ghafla, katika saa chache au siku moja, hajui nyumba yake, anazungumza na watu wasiokuwapo, amezidiwa na usingizi, ana homa ya 38 au zaidi, mdomo umepinda, mkono umekufa ganzi, au kichwa kinauma kuliko siku zote, msikae kusali rozari mpaka asubuhi. Tafuteni gari usiku huohuo, rozari mtaisalia njiani. Kwa mtu aliye katika kemo, kinga ya mwili imeshuka, na maambukizo madogo yanaweza kuua katika siku moja. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huenda ndiyo dalili ya kwanza, na kwa mzee huenda hata homa isionekane.

Yule mama aliniuliza pia kama anaweza kupata Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, ingawa hafi. Bado wako Wakristo wanaoogopa kumwona padri akiingia na mafuta, wakidhani ameleta jeneza. Wapendwa, tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano Kanisa limefundisha wazi kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Ni ya kila muumini aliye katika ugonjwa mzito au aliyedhoofishwa na uzee, na inaweza kurudiwa hali ikizidi. Nilimpaka mafuta sebuleni, mzee amesimama nyuma yake. Wakitaka kwenda Subukia, kwa Mama Maria, katika siku ya taifa ya maombi mwezi wa Oktoba, waende kwa furaha, mradi wasipande kile kilima katika jua la saa saba, na vidonge viwe mfukoni.

Kuhusu lile neno baya, nilimwambia mzee kwamba alilisema mbele ya mkaza mwana, kwa hiyo kuomba msamaha chumbani hakutoshi. Hilo lilimwuma kuliko yote. Wazee wetu hawakufundishwa kumwomba mke msamaha mbele ya watoto. Ilimchukua wiki tatu. Alifanya hivyo siku ya Jumapili baada ya chakula, kwa maneno machache, akitazama kikombe chake, na mkaza mwana ndiye aliyeniambia, kwa maana mzee mwenyewe hakulitaja tena.

Mama amerudi jumuiya. Hazina ya chama wanaishika wawili sasa, yeye na mama mwingine kijana. Mmoja anaandika, mwingine anahesabu. Bado anasahau. Mwezi uliopita alisoma somo la kwanza kanisani, akaruka mstari mzima, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Yeremia.

Nilipopita kwao wiki jana mzee alinionyesha lile daftari, nadhani kwa majivuno kidogo. Mwandiko ni ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Dawa, saa mbili. Kliniki Nakuru, Alhamisi. Maziwa, lita 11. Na chini kabisa, limepigiwa mstari mara mbili: kumwuliza Mzee kama amemeza kidonge chake cha presha.

Nilimgeukia. "Umemeza?"

Alikuwa amesahau.